Sonata ya Watatu Huchezwa na Wanne

Nyangi mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia. Uko chumba cha pili unabishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anasema kusini kuna baridi, wewe unasema begi limejaa, na zipu hiyo haijafunga tangu jua lizame. Mambo ya blanketi, nauli, vocha na kunywa maji yaliyochemshwa nimemwachia yeye. Anayaweza. Mimi nimekaa jikoni, moto umebaki makaa, nimechukua karatasi za kwaya zilizoandikwa upande mmoja, nakuandikia upande wa pili.

Wakati wa kula uliniuliza swali. Ulisema, "Mama Mkubwa, nikishuka pale Songea, Mwalimu Kanuti akija kunipokea, nimwiteje? Bado nimwite mjomba?" Nami nikakujibu, "Ugali unapoa." Mama yako akainamisha kichwa. Ukala, ukaosha vyombo, hukuuliza tena. Unanijua. Nikisema ugali unapoa, mjadala umefungwa.

Sasa ugali umeshapoa. Nitakujibu, ila nitapita njia ndefu, kwa sababu ndiyo niliyopita mwenyewe. Basi lako litachukua siku nzima na zaidi kutoka Tarime mpaka huko, kwa hiyo una muda wa kusoma mwandiko wangu mbaya.

Nianze na mawe. Wewe umeikuta dhahabu imezungushiwa uzio. Sisi tuliikuta wazi. Watu walikuja kutoka kila upande, Wasukuma, Wahaya, Wangoni, na ndugu zetu wa upande wa Kenya waliovuka pale Sirari wakiwa na nguo walizovaa tu. Mahindi yalikauka shambani hapa Nyamwaga kwa kukosa wa kuvuna. Wanaume walishuka kwenye duara, yale mashimo membamba yaliyokwenda chini sana, mtu akiita huko unasikia kama anaota. Sisi wanawake tulibaki juu, chini ya turubai, kila mmoja na kinu chake cha chuma, tunatwanga mawe mpaka yawe unga. Nilikuwa mjane. Mume wangu alikufa bila kuniachia mtoto, na shemeji zangu walikuwa wameanza kulipima shamba langu kwa macho.

Vumbi la mawe yale lilikuwa jeupe. Ikifika jioni sote tulikuwa weupe, nyusi, kope na masikio, na mlio wa vinu ulinifuata mpaka usingizini. Hata leo mvua ikianza kupiga bati, kwanza nawaona wale wanawake weupe wamekaa mstari, halafu ndipo nakumbuka kwamba nimeanika nguo.

Huko ndiko alikotokea Kanuti. Alikuwa ameacha seminari kabla ya upadri, akafuata dhahabu kama wengine, lakini shimo lilimshinda. Siku ya kwanza walimteremsha kwa kamba, akapiga ukelele mpaka wakamrudisha juu. Basi wakampa kazi ya kutuletea viroba vya mawe, kazi ya kuchekwa. Katika mfuko wake alikuwa na redio kaseti na kanda chache alizozifunga ndani ya soksi. Betri zikichoka alizianika kwenye bati, nasi tukimwambia, "Mwalimu, geuza, upande mmoja umeshaiva."

Alizipiga kanda zile mchana, sisi tukitwanga. Sijui nikueleze vipi nilivyousikia muziki ule mara ya kwanza. Nyimbo nilizozijua zilikuwa na mtu mbele na watu nyuma. Huu haukuwa na mbele. Sauti moja ilitoka, nyingine ikatokea chini yake ikisema maneno yaleyale, ya kwanza ikawa imeshahamia kwingine, na kabla hujaamua umfuate nani, wa tatu huyu hapa. Mikono yangu ilikuwa inatwanga, mimi mwenyewe sikuwepo. Nilikuwa natembea katika nyumba yenye vyumba vingi, kila mlango nikiufungua nakuta watu walewale wamevaa nguo nyingine.

Kanuti alisema unaitwa muziki wa baroki, ni wa zamani, kabla ya bibi wa bibi zetu, na kwamba jina lenyewe lilianza kama tusi. Lilikuwa na maana ya lulu iliyopinda, isiyo na mviringo. Waliokuja baadaye waliuona una mapambo mengi mno na mizunguko mingi mno. Rafiki yangu Wegesa, aliyekuwa anatwanga kando yangu, alisimamisha mchi wake akasema, "Na dhahabu je, uliwahi kuiona ya mviringo?" Kanuti akacheka mpaka akakaa chini juu ya kiroba.

Wegesa huyo alikuwa na sheria yake. Mgeni asiyekuwa na jina la kwetu ni mpita njia, na yeye hakuwa tayari kusikiliza nyimbo za wapita njia. Kwa hiyo akawapa majina wote. Ndiyo maana umekua ukiwajua kwa majina yale, na nisamehe kwamba siku ya mtihani wako uliwaandika hivyohivyo.

Yule Mjerumani wa kanisani, mwenye watoto wasiohesabika, mpiga kinanda aliyeandika nota mpaka macho yakamwisha, Wegesa alimwita Mwita. Yule mnene aliyetoka nchi hiyohiyo akahamia kwa Waingereza, akawatungia ule wimbo mkubwa ambao kila kwaya hujitutumua nao Pasaka, akawa Chacha Mlaji. Padri wa mji wa majini, mwenye nywele nyekundu, aliyewafundisha wasichana yatima kupiga fidla mpaka wafalme wakasafiri kuja kuwasikia nyuma ya kimia cha chuma, akawa Marwa. Tulimpenda sana Marwa. Katika nyimbo zake fidla moja hutoka peke yake, inatangatanga, inalia, inacheza, na wengine wote wanaisubiri na kibwagizo chao. Ikichoka wanaipokea. Halafu inatoka tena. Wegesa alikuwa akisema huyo ni mtoto wa kike aliyeolewa karibu na kwao.

Lakini wimbo aliotaka kutufundisha Kanuti ulikuwa wa Mwita, ule wa kufukuzana. Sikiliza jinsi tulivyoshindwa, maana kushindwa kule kulikuwa kwa Kikurya kabisa. Alimwambia Wegesa aanze, akitwanga na kuimba. Akafika mahali, Kanuti akaninyooshea kidole: "Sasa Ghati." Nikaingia. Na mara tu nilipofungua kinywa, wanawake wote chini ya turubai wakaingia pamoja nami, kwa nguvu, mpaka kuku wakakimbia. Kanuti akashika kichwa.

"Hapana, mama zangu! Ni Ghati peke yake!"

"Sasa Wegesa ameita," akasema mmoja, "tusimwitikie? Tukae tunamtazama kama hatumjui?"

"Hamwitikii. Mnamfuata. Mmoja mmoja."

"Mwalimu, huko kwenu mtu akiita huitikiwa na mtu mmoja? Mnaishije?"

Tulirudia siku nyingi. Kila nilipoingia, walikuja wote. Si kwamba hatukusikia. Tulisikia vizuri sana, ila huruma ilituzidi. Kwetu mtu hawezi kuachwa na wimbo wake hewani. Mwishowe Kanuti aliacha kugombana. Akatuambia tutwange tu bila kuimba, kila mmoja asubiri mapigo ya mwenzake yafike mahali, ndipo aanze yake. Kwa vinu tuliweza. Vinu havina huruma. Tulipokwisha kuzoea kusubiri kwa mikono, vinywa vikafuata vyenyewe, na jioni moja, vumbi likiwa linashuka polepole katika jua la mwisho, sauti nne zilisimama pale chini ya turubai, kila moja katika zamu yake, na wachimbaji wakatoa vichwa kwenye mashimo kutazama kuna nini. Hatukuwahi kuimba vile tena. Nusu yangu haiamini kama ilitokea.

Nilijifunza siku hiyo kwamba kuna kupenda kwa kuitikia na kuna kupenda kwa kusubiri. La kwanza nilizaliwa nalo. La pili linanisumbua mpaka leo, kama unavyojua wewe uliyekatishwa maneno na mimi maisha yako yote.

Dhahabu yangu ilipofikia kiasi cha kununua ng'ombe, nilifanya lile ambalo wanawake wa kwetu wasio na mtoto hufanya. Niliunda nyumba ntobhu. Nilikwenda Busawe, kwa watu wa babu yako, nikatoa ng'ombe, nikamwoa mama yako aje kwangu anizalie. Shuleni uliulizwa inakuwaje mwanamke amwoe mwanamke, ukarudi unalia, nikakwambia waambie walimu wako wa kutoka mbali kwamba hii ni nyumba kama nyumba nyingine, ina ng'ombe wake na jina lake. Leo naongeza kitu ambacho sikukwambia siku ile. Mama yako alifika hapa akiwa msichana, hanijui, kashika kisanduku cha bati. Nilimwogopa kuliko alivyoniogopa. Tulikaa wiki nzima tunapikiana chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Kwa mila, mtoto angekuwa wangu, wa nyumba yangu, wa jina la marehemu. Mwanamume angekuja na kwenda, hana dai. Mimi nilikuwa nimeshamchagua mtu, Mkurya mwenye mashamba na meno mazuri. Mama yako akatikisa kichwa. Alikuwa anatuletea chakula pale kwenye vinu, na alikuwa amemsikia Kanuti akipanga sauti. Akaniambia bila kunitazama, "Mama, mimi namtaka yule anayesikiliza." Sikupenda. Mngoni asiye na shamba, aliyelia kwenye kamba! Lakini nilikuwa nimeanza kumpenda mama yako, na mtu hawezi kumpenda mtu kisha akamchagulia kila kitu. Nilikubali, nikitafuna maneno. Na nilitaka mtoto wa kiume, Mungu akacheka, ukaja wewe.

Kabla hujazaliwa, tulikaa jioni moja hapa uani, Kanuti, mama yako, Wegesa na mimi. Redio ilikuwa inapiga kipande ambacho Kanuti alikiita sonata ya watatu. Fidla mbili zilikuwa juu, sawa kwa sawa, hakuna mkubwa. Moja ikipanda nyingine inashuka, zinapishana, zinagusana mahali panapouma, zinaachiana. Chini yao kulikuwa na besi inatembea taratibu kama mtu anayejua aendako. Nilimtazama mama yako, naye akanitazama. Hatukuhitaji kuambiwa fidla ni akina nani.

Kanuti akasema, "Lakini ujue, sonata ya watatu huchezwa na wanne."

"Mura, kijana wewe!" akasema Wegesa. "Padri gani alikufundisha hesabu? Watatu wawe wanne?"

Akatueleza. Katika karatasi mistari ni mitatu, ule wa chini ni wa besi. Lakini mstari huo mmoja hupigwa na watu wawili. Mmoja anavuta zeze kubwa alilolibana kwa magoti. Mwingine yuko kwenye kinanda, mkono wa kushoto anapiga besi ileile, na wa kulia anajaza katikati, kitu ambacho hakikuandikwa, ameachiwa namba ndogo tu, mengine anayatoa moyoni. "Msikilizaji anasikia besi moja," alisema. "Lakini mwondoe mmoja wao uone kama nyumba haitaingia upepo."

Tulimcheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, kwa sababu besi nilikuwa nimeshajigawia. Nilijua besi ni nini hata kabla ya Kanuti. Baba mkwe wangu alikuwa mpiga litungu, nyuzi zake zilizunguka palepale, palepale, na yeye juu yake akiimba habari za ng'ombe na vita na wanawake waliomkataa. Nilikuwa nikilala kwa mzunguko ule. Nikasema moyoni, mimi ndiye nyuzi zile. Fidla, ndiyo, lakini besi pia. Nilitaka mistari yote miwili.

Mvua kubwa zilikuja, maji yakajaa kwenye mashimo, wachimbaji wakatawanyika. Kanuti akarudi kusini, akapata kazi ya kinanda kanisani. Alirudi hapa mara moja tu. Wewe ulikuwa unaanza kutembea, ukishika kuta. Alikuja na kile kinanda chako kidogo amekifunga kwenye kanga, vumbi la barabara mpaka kwenye kope, nikawakumbuka wale wanawake weupe. Akachuchumaa pale karibu na migomba. Hakukuita. Alisubiri tu, unajua anavyoweza kusubiri. Nawe ukaachia ukuta ukamwendea, hatua zako za kwanza uani bila kushikwa, mbele ya macho yangu, na zilikuwa za kumwendea yeye.

Niliona wivu, Nyangi. Nasema wazi, wivu wa kichwa mpaka kidole cha mguu. Nikasema kwa sauti, "Haya, msalimie mjomba. Sema shikamoo mjomba." Mama yako aliyekuwa anaanika nguo akaacha kuanika. Kanuti akainua macho, akasema, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayejibu salamu yoyote. Akanywa chai, akakuonyesha kitufe cha kuwashia kinanda, akaenda kulifuata gari. Neno nililompa alilibeba mpaka Songea na hajawahi kunirudishia.

Nilikuwa na mila mkononi na methali mfukoni. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni methali nzuri, haina kosa, nami niliitumia kama fimbo. Kila mama yako alipotaja jina la Kanuti, niliichomoa.

Lakini wewe ulipoanza kukibonyeza kinanda kile, nani alikufundisha? Mimi nilikuwa nashinda shambani. Mama yako nota hazijui. Kanda zilikuja kwa madereva, zimefungwa kwenye soksi. Halafu simu zilipofika, Jumapili baada ya kanisa mama yako alikuwa anampigia Kanuti, anaweka simu yake juu ya kinanda, anajifanya ameisahau, nawe unapiga vipande vyako vya Mwita ukijua, na mimi napita na ndoo, najifanya sijui. Niliwahi kusimama nyuma ya mlango. Ulikosea mahali, ukarudia, ukakosea tena. Katika simu hakukuwa na sauti ya mtu, kulikuwa na pumzi tu. Ulipopata, pumzi ile ikatoka yote kwa mara moja. Nikabeba ndoo yangu nikaenda kwa ng'ombe, na nikakaa huko muda mrefu bila kazi yoyote.

Nikwambie na jambo la kuchekesha. Kile kipande cha polepole cha Mwita, ambacho nimekupigia kelele miaka yote kwamba unakiharakisha, juzi nilikisikia kwenye redio ya paroko. Kinakimbia! Kinakimbia kama mbuzi walioona lango wazi! Nilikasirika, nikasema wamekiharibu. Kumbe mimi nilikijua kwa betri za Kanuti zilizokuwa zinakwisha. Miaka yote nimeota kwa mwendo wa betri zilizochoka, nikauita mwendo wenyewe. Kwa hiyo ukikumbuka mambo niliyokufundisha kwa uhakika mkubwa, yapime kwenye redio nyingine. Baadhi utayakuta ni sawa. Baadhi ni betri. Ila kile kipande, ukikipiga peke yako siku ya mvua, kipige kwa mwendo wetu.

Kanuti alituambia pia habari za mwanamke mmoja wa ule mji wa majini, mtunzi, mwimbaji. Wegesa alimpa jina la Robi. Nyimbo zake nyingi ni za kulia juu ya besi inayoshuka ngazi chache, inarudi juu, inashuka tena, kama litungu la baba mkwe likiwa msibani. Robi alilelewa nyumbani kwa bwana mmoja mwandishi. Watu wote walijua ni baba yake wa damu, lakini bwana huyo alimwita binti wa kuchaguliwa. Nilipoisikia hadithi ile nilifurahi, nikaona inanitetea, kwamba kuchagua ni kukubwa kuliko damu. Sasa nikiizungusha kichwani nawaza kingine. Nawaza Robi mwenyewe, jioni, baada ya wageni kuondoka, akiwa anakusanya vikombe. Alimwitaje? Kuna mtu aliyewahi kumuuliza kama wewe ulivyoniuliza mimi, naye akaambiwa chakula kinapoa?

Mwita naye, alipokuwa kijana, alitembea kwa miguu safari ndefu kwenda kumsikia mzee mmoja mpiga kinanda kaskazini mwa nchi yao. Aliomba ruhusa ya muda mfupi, akapotelea huko miezi, waliomwajiri wakafura. Mzee alitaka kumwachia kiti chake, kwa sharti amwoe binti yake, na Mwita akakimbia. Chacha Mlaji alikuwa amekimbia kabla yake. Wegesa aliuliza binti alikuwa na kasoro gani, hakuna aliyejua. Ninachotaka kusema ni kwamba ukipenda kukaa kuliko muda tuliosema, kaa. Kanuti amesema macho yake yanaondoka, na kabla hayajaondoka anataka akuweke kwenye kile kinanda kikubwa cha mabomba cha kanisani kwake. Mtu anayeishiwa na mwanga hapangiwi muhula. Mimi nitafura kama wale waajiri, ni haki yangu, lakini usinisikilize.

Na ukirudi, usijilazimishe kurudi ulivyoondoka. Kuna zile nyimbo ambazo mwimbaji akifika mwisho anaambiwa rudi mwanzo. Anarudi kwenye maneno yaleyale, lakini ni aibu kuyaimba vilevile. Lazima ayapambe kwa aliyoyaona katikati. Nitakaa kwenye kiti hikihiki nikusikilize, na sitasema wamekuharibu. Nitajaribu.

Kuna kitu kimoja katika muziki ule ambacho sikukipenda zamani. Sauti zote zinahama kwenda mahali papya, isipokuwa moja. Inabaki ilipokuwa. Dakika moja iliyopita ilikuwa tamu, sasa inauma, na yenyewe haijafanya kosa, haijasogea hata kidogo. Nilimuuliza Kanuti kwa nini wanaiachia iumie vile. Akasema, "Isubiri." Na kweli, inashuka ngazi moja, taratibu, na kila kitu kinakaa. Akasema watu wale waliamini kwamba bila sauti inayobaki nyuma kwanza, kutulia kule hakuna ladha. Nimekuwa sauti hiyo tangu ulipopata barua ya Kanuti ya kukukubali uwe mwanafunzi wake. Wewe umeshahama, mama yako ameshahama, anashona mpaka mito ya kukupa, na mimi nimeng'ang'ania pale, nasema ugali unapoa.

Umenyamaza huko chumbani. Zipu imefunga. Nasikia mama yako anaimba chinichini ile sauti ya pili, anayoimba akidhani hasikiki, na nyuma ya nyumba ng'ombe wanacheua. Besi ipo. Nilidhani ni mimi peke yangu. Kwenye karatasi mstari ni mmoja, na cheti chako kina jina moja, la nyumba hii, na libaki. Lakini tulikuwa wawili tukiupiga, mimi hapa nikivuta kwa nguvu ili nisikike, yeye kule kusini akijaza katikati kwa mkono wa kulia, bila kuandikiwa kitu, miaka yote. Sikumsikia kwa sababu alikuwa anapiga pamoja nami.

Sasa nakujibu. Ukishuka Songea, atakuwa amesimama pembeni, mbali na wapiga debe, amevaa koti la kanisani, hatakuona vizuri. Mwendee wewe, kama ulivyomwendea pale kwenye migomba. Usimwite mjomba. Lile neno lilikuwa langu, nirudishie.

Mwite Baba. Ng'ombe niliowatoa niliwatoa kwa ajili ya mama yako, na sijawahi kujuta hata kwa mkia mmoja. Neno hilo sikulitolea ng'ombe, halikuwa langu kulizuia.

Na ukishamwita, nyamaza. Usiitikie kwa niaba yake, usimjazie kimya, najua utataka, umelelewa na mimi. Atachelewa. Subiri, mwache aingie kwa zamu yake.

Mama Mkubwa wako,
Ghati